Mlinzi Asiyejua Anacholinda

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, walimu, kina mama, na nyinyi vijana mliokuja na laptopu zenu kutoka Mkomani, Langoni na ng'ambo ya Mokowe, ahsanteni kwa kuitika. Nimeombwa nizungumzie namna ya kujenga kiolesura cha wavuti, kile ambacho waandika programu hukiita API, yaani milango ambayo programu moja hupitia kuzungumza na nyingine, kwa ajili ya huduma inayolinda chaneli za malipo. Sikuja kumwuzia mtu Bitcoin. Atakayetoka hapa akaenda kuweka karo ya mwanawe kwenye sarafu hizo, asiseme alitumwa na mimi. Nimekuja kuzungumzia kazi ya uhandisi, na ndani ya kazi hiyo mna jambo ambalo watu wa Amu, hapa Lamu, wanalielewa kuliko wengi: amana.

Tumchukue mvuvi na tajiri wake. Tajiri anatoa barafu, petroli ya mashine na pesa za nyavu. Mvuvi analeta samaki. Hesabu inabadilika kila siku, lakini hakuna anayekimbilia benki kila magharibi. Wana daftari. Msimu ukiisha wanakaa, wanapiga hesabu, mwenye kudaiwa analipa. Chaneli ya malipo kwenye mtandao wa Lightning, uliojengwa juu ya Bitcoin, ni daftari la namna hiyo, ila limetengenezwa kwa watu wasioaminiana. Wawili wanafungia fedha zao mahali pamoja kwenye mnyororo wa Bitcoin, lile daftari la hadharani la miamala yote, kwa kufuli la sahihi mbili, hakuna anayetoa kitu bila mwenzake. Baada ya hapo kila malipo ni ukurasa mpya: wanatia sahihi mgawanyo mpya, kila mmoja anabaki na nakala yake, na hawautangazi popote. Malipo elfu yanaweza kupita baina yao na mnyororo ukaona miamala miwili tu, wa kufungua na wa kufunga. Joseph Poon na Thaddeus Dryja waliliandika wazo hili mwaka 2015, waraka wao ukakamilika Januari 2016, na utekelezaji ukapata njia nyoofu baada ya badiliko la SegWit kuanza kufanya kazi kwenye Bitcoin Agosti 2017.

Taabu iko kwenye kurasa za zamani. Ukurasa wa jana una sahihi zote mbili, na mtandao hauna namna ya kujua kwamba leo umeandikwa mwingine. Ikiwa jana fungu la tajiri lilikuwa sawa na shilingi elfu tisini na leo ni elfu thelathini, anaweza kujaribiwa na shetani akautangaza wa jana. Ndiyo sababu kila wanapohamia ukurasa mpya, kila mmoja humkabidhi mwenzake siri ya kuubatilisha ule wa zamani. Atakayetangaza ukurasa uliobatilishwa, fungu lake hufungwa kwa muda waliokubaliana, tuseme bloku 144, yaani mafungu ya miamala yanayoongezwa kwenye mnyororo, ambazo kwa wastani wa dakika kumi kila bloku ni kama siku moja. Ndani ya muda huo mwenye siri anaruhusiwa kuchukua kila kilichomo kwenye chaneli, pamoja na fungu la mwizi mwenyewe. Huo huitwa muamala wa adhabu.

Lakini adhabu haijitekelezi. Mwenye haki lazima awe macho. Sasa mvuvi wetu ameelekea Kiwayu, simu imekwisha chaji na mtandao umebaki nyuma. Tajiri akitangaza ukurasa wa zamani Jumatatu asubuhi, mvuvi akirudi Jumatano, fedha zimekwenda na hakuna wa kulaumiwa isipokuwa bahari. Kwenye M-Pesa ukituma pesa pasipo pake unaweza kuomba muamala urudishwe, kuna kampuni nyuma yake. Huku hakuna wa kupigiwa simu. Kilichobaki ni kumwachia mtu mwingine kazi ya kukesha, na huyo ndiye mlinzi ninayemzungumzia. Ni seva inayotazama kila bloku mpya, na ikiuona wizi inatangaza muamala wa adhabu kwa niaba ya asiyekuwepo.

Jawabu la haraka ni kumpa mlinzi kila kitu: chaneli yako ni ipi, salio lako ni kiasi gani, mwenzako ni nani. Nalikataa. Mji huu mnaujua. Habari ikitoka Mkomani asubuhi, adhuhuri imeshafika Shela, na seva ya mlinzi ikidukuliwa habari itasafiri mbali zaidi ya hapo. Tena tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, na njia nyepesi kuliko zote ya kuitii ni kutokuwa na data ya kulinda.

Waliobuni walinzi hawa walipata ujanja ambao mimi binafsi unanifurahisha kuliko kitu kingine chochote katika fani hii. Kila muamala wa Bitcoin una kitambulisho chake, baiti 32, kinachotokana na yaliyomo ndani ya muamala wenyewe. Mvuvi anakijua kitambulisho cha ukurasa wa zamani wa tajiri, kwa kuwa alishiriki kuutia sahihi. Kwa hiyo anachukua baiti 16 za mwanzo na kumpa mlinzi kama alama ya kutafutia. Halafu anauandaa muamala wa adhabu, ukiwa umekamilika na sahihi zake, na kuufumba kwa ufunguo uliotokana na kitambulisho kizima. Mlinzi anapokea alama na fumbo, basi. Hawezi kulifumbua, maana nusu ya pili ya kitambulisho hana, na baiti 16 hazikisiwi hata kompyuta zote za dunia zikeshe. Siku tajiri atakapoutangaza ukurasa ule, kitambulisho kizima kitatokea hadharani kwenye bloku, na hapo ndipo fumbo litakapofumbuka. Yaani mwizi ndiye anayeleta ufunguo. Asipoiba, mlinzi hatajua maishani mwake alikuwa akilinda nini. Hivi ndivyo inavyofanya programu huria ya The Eye of Satoshi, iliyoandikwa kwanza kwa lugha ya Python na kisha upya kwa Rust, na fumbo lake hutumia njia ya kufumba iitwayo ChaCha20-Poly1305. LND, programu nyingine ya kuendeshea Lightning, nayo ina mlinzi wa aina hii tangu toleo la 0.7 la mwaka 2019, kwa hesabu tofauti kidogo ya alama na ufunguo.

Baada ya hayo, kiolesura chenyewe kinakuwa kifupi. The Eye of Satoshi ina milango minne mikuu kwa mteja, na sioni haja ya wa tano: kujiandikisha, kuweka miadi, yaani kukabidhi alama na fumbo lake, kuulizia miadi, na kuangalia hali ya usajili wako. Maombi ni ya HTTP, utaratibu wa kawaida wa wavuti, na mwili wake ni JSON, maandishi yaliyopangwa kwa majina na thamani.

Mlango wa kujiandikisha hauna mengi. Mteja anatuma ufunguo wake wa hadharani, ule unaotumika kuthibitisha sahihi zake, baiti 33, ukiandikwa kwa heksadesimali ni herufi 66. Anajibiwa ana nafasi ngapi za kuweka miadi na usajili wake unafikia bloku ya ngapi. Barua pepe haimo, namba ya kitambulisho haimo, jina halimo. Najua kuna kijana hapa anajiuliza neno la siri liko wapi. Halipo. Kila ombi linalofuata linakuja na sahihi ya mteja, na kutokana na sahihi hiyo mlinzi anaweza kuutoa ufunguo wa hadharani wa aliyetia. Kwa hiyo hata kitambulisho cha mteja hakitumwi tena. Sahihi yenyewe inasema ni nani. Huna maneno ya siri ya kuhifadhi, huna ya kuibiwa, na hakuna anayekuandikia usiku kwamba amesahau lake. Angalieni pia kwamba muda unahesabiwa kwa bloku. Saa ya seva inaweza kupotea na saa ya simu ya mvuvi ikawa nyuma, ila namba ya bloku wote wawili wanaiona moja.

Mlango wa kuweka miadi ndio nataka tukae nao.

Mteja analeta alama, fumbo, na muda wa kusubiri uliomo kwenye chaneli, kisha anatia sahihi. Watu wengi waliozoea kujenga tovuti wataandika mlango huu ujibu neno moja, kwamba imepokelewa. Huo ni mlango wa mtu asiyetarajia kuulizwa. Mvuvi ataondoka akiwa ameacha mali yake mikononi mwa mgeni. Neno la kwamba imepokelewa litamfaa nini siku mlinzi akilala? Sisi tuliosoma chuo cha Kurani tunaijua aya ya deni: deni liandikwe, mwandishi aandike kwa uadilifu, washuhudie mashahidi, wala asidhuriwe mwandishi wala shahidi. Yote manne yanahitajika kwenye mlango huu, na la mwisho nitalirudia.

Kwa hiyo jibu la mlango huu ni risiti yenye sahihi ya mlinzi, na mlinzi hatii sahihi hiyo juu ya karatasi tupu. Anatia sahihi juu ya sahihi ya mteja, pamoja na namba ya bloku alipoanza kukesha. Sahihi ya mteja inabana mwili wote wa miadi, kwa hiyo mlinzi hawezi kuja kusema alipewa fumbo jingine, wala mteja hawezi kubadilisha fumbo nyumbani kwake akadai ndilo alilokabidhi. Namba ya bloku inamlinda mlinzi. Bila hiyo, mteja mjanja angengoja ukurasa wa zamani utangazwe, muda upite, ndipo alete miadi na kupiga kelele kwamba mlinzi alisinzia. Mwenye miadi, sahihi mbili na nakala ya mnyororo anaweza kuamua kesi hii akiwa popote duniani bila kumwita shahidi mwingine. Risiti hairudishi fedha, nalisema wazi ili msidanganyike. Inachofanya ni kumvua mlinzi mzembe jina lake mbele ya watu. Kwa anayeishi kwa kuaminiwa, si adhabu ndogo.

Sasa mpangilio wa ndani. Utaona programu nyingi zinamjibu mteja kwanza na kuandika kwenye hifadhidata baadaye, kwa sababu jibu linakuwa la haraka. Hapa usithubutu. Andika, hakikisha diski imeshika, ndipo utie sahihi. Umeme ukikatika katikati ya kuandika na kutia sahihi, mteja hakupata risiti, atatuma tena, hakuna aliyeumia. Ukikatika baada ya kutia sahihi kabla ya kuandika, umetoa ahadi usiyoikumbuka. Na kukatika kwa umeme sihitaji kuwaeleza nyinyi.

Hapo tunafika kwenye kutuma tena. Mvuvi ametuma miadi akiwa gatini, ombi limefika, jibu likapotea njiani kwa kuwa mashua imeshaanza kwenda. Simu yake haijui kama seva ilipokea. Itatuma upya, na lazima iruhusiwe kutuma upya bila hofu: ombi lile lile likija mara mbili, mlinzi atoe risiti na asile nafasi ya pili ya mteja. Upande wa simu, miadi ambayo haijapata risiti ikae kwenye foleni na ijaribiwe tena kwa vipindi vinavyorefuka, ili seva ikizinduka isivamiwe na wateja wote kwa sekunde moja. Na risiti ikija, simu iikague sahihi yake pale pale. Mlinzi aliyetoa sahihi isiyo yake si wa kupelekewa miadi nyingine.

Sasa nawauliza jambo, na nataka vijana wafikiri kabla sijajibu. Alama ile ya baiti 16, nani mwingine anaijua? Tajiri. Muamala ni wake, kitambulisho anacho. Tuseme mlinzi wako anahifadhi miadi kwa kutumia alama peke yake kama anwani. Tajiri anajiandikisha kwa ufunguo mpya, kwani hatujamwuliza jina, anatuma alama ile ile na fumbo la takataka, na hifadhidata yako kwa utiifu inafuta fumbo la mvuvi na kuweka la tajiri. Kesho yake anatangaza ukurasa wa zamani. Mlinzi anaamka, anafumbua, anakuta upuuzi, anarudi kulala. Wizi umepita mbele ya macho yake. Kwa hiyo anwani ya miadi ni alama pamoja na ufunguo wa mteja, na alama moja inaweza kuwa na mafumbo mengi ya watu tofauti. Likitokea jambo, mlinzi ayafumbue yote na atumie lililo zima. Mstari mmoja wa jedwali kwenye hifadhidata ndio unaotenganisha mlinzi na mapambo, na hautaonekana kwenye jaribio lolote linalodhani kila mteja ni mwema.

Na mwandishi asidhuriwe. Mlinzi hawezi kukagua fumbo wakati wa kupokea, kwa hiyo mtu anaweza kumjazia diski kwa takataka mpaka azame. Hapo ndipo nafasi zinapofanya kazi: kila nafasi ina ukubwa wake, fumbo kubwa linakula nafasi zaidi, na mwili wa ombi unaopita kiasi ukataliwe kabla haujasomwa wote. Kumbukeni kwamba miadi za zamani hazitupwi chaneli ikiwa hai. Ukurasa wa miezi sita iliyopita unaibia sawasawa na wa jana, kwa hiyo diski inajaa kila malipo yanapofanyika, na hesabu ya nafasi ndiyo hesabu ya gharama zako.

Makosa nitayapita upesi, kila moja na namba yake ya jibu katika HTTP. Ombi bovu, jibu 400. Sahihi mbaya, usajili uliokwisha au nafasi zilizoisha, jibu 401, na ujumbe uwe mmoja kwa yote, ili anayepapasa nje asijue ni ufunguo gani umesajiliwa na upi haukusajiliwa. Miadi isiyopatikana ni 404. Na nodi ya Bitcoin ya mlinzi, ile programu inayomletea mnyororo, ikiwa haipatikani, jibu ni 503. Mlinzi ambaye haoni mnyororo asipokee amana mpya, hata kama seva yake ya wavuti inatabasamu.

Mlango wa kuulizia nao una hadhari moja. Ukiruhusu yeyote mwenye alama aulize hali yake, tajiri atauliza kwanza kabla ya kuiba: je, ukurasa huu una mlinzi? Akiambiwa hauna, anaendelea. Kwa hiyo hata kuuliza kunahitaji sahihi, na mtu anaonyeshwa miadi zake tu. Ndiyo sababu ombi hili linatumwa kwa POST, namna ya HTTP ya kupeleka data, ijapokuwa ni la kusoma. Kuna wanaoshika kanuni za wavuti kama swaumu, watakuja kulalamika, wapeni chai.

Upande wa kukesha hauingii kwenye kiolesura, ila nitaugusa kwa sababu unaamua namna unavyokipanga. Bloku mpya ikiingia, mlinzi anachukua vitambulisho vya miamala yote iliyomo, anatoa alama zake na kuzilinganisha na alizonazo. Ni kazi nyepesi, hata kompyuta ndogo inaimudu. Akipata inayolingana anafumbua, anatangaza, na hapo kazi haijaisha. Bloku inaweza kuachwa na mtandao ukafuata tawi jingine, na muamala wa adhabu uliokuwa ndani ukarudi nje. Kanuni za Lightning zinataka muamala ufunikwe na bloku 100 ndipo jambo lihesabiwe limekwisha moja kwa moja. Kwa hiyo tenganisheni programu inayokesha na programu inayojibu wateja, ziwe mbili. Mtu akiushambulia mlango wa mbele kwa maombi laki moja, anayekesha asitikisike. Na amri za msimamizi, kama kuzima au kuorodhesha watumiaji, zisitoke nje ya kompyuta yenyewe.

Nani alipe? LND ilianza na walinzi wa kujitolea, wasiotoza. Ni wema, nami siukebehi, lakini diski hailipiwi kwa wema. The Eye of Satoshi iliuandaa mlango wake kwa usajili wa muda, na bei mwenye seva anaweza kuiweka mwenyewe. Wengine wamependekeza mlinzi achukue sehemu ya adhabu akimkamata mwizi. Mimi hili la mwisho silipendi, kwa sababu mlinzi mzuri ni yule ambaye kwa kuwepo kwake hakuna anayethubutu, na ukimlipa kwa wizi tu utakuwa umemfanya masikini kwa kuifanya kazi yake vyema. Mjadala huo tunaweza kuendelea nao kwenye chai.

Baada ya sala ya alasiri tutakaa na kompyuta. Nimeandaa mtandao wa majaribio wa ndani, ambamo bloku unazichimba mwenyewe kwa amri moja na hakuna senti ya kweli inayoguswa. Kila kundi litaandika mlango wa miadi. Nitatuma ombi moja mara mbili, nizime seva zenu katikati, kisha nitajiandikisha kama tajiri na kuleta takataka kwa alama zenu. Ambao fumbo la mvuvi litasalimika kwao wataendelea na mlango wa kuulizia. Wenye maswali sasa, mkono juu. Aanze yule dada wa safu ya nyuma.